Karatasi ya Chini

Ukurasa huu wa kwanza umezoea kushughulika na mambo makubwa: mishahara, vyeo, uhamisho, nyumba, na haki za wanachama. Mambo hayo yastahili kunenwa, wala hatutachoka kuyanena. Lakini maisha ya karani hayafanywi na mambo makubwa peke yake. Kupanda cheo huja kwa nadra, na uhamisho huja mara chache. Bali siku ya kazi huja kila kukicha. Hapa Tanzania huanza saa moja na nusu asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri, ikiwa imejaa furaha ndogo na wasiwasi mdogo. Karani aliyeajiriwa akiwa na umri wa miaka 25, akastaafu kwa lazima atimizapo 60, amekaa mezani miaka 35. Tukikadiria siku 220 za kazi kwa kila mwaka, hizo ni siku 7,700. Siku zenye jambo kubwa kati ya hizo zahesabika kwa vidole. Zilizobaki zote ni siku za kawaida. Basi leo twaomba ruhusa ya kunena juu ya siku za kawaida, na hasa juu ya karatasi moja iliyomo katika kila ofisi, ambayo kila karani aijua na wachache hupenda kuitaja.

Tuanze na furaha. Kuna furaha ya kupata kiti katika basi la asubuhi, hata kama ni kile cha karibu na injini kinachochoma miguu. Kuna furaha ya kuwahi ofisini kabla ya wengine, sakafu ikiwa bado na unyevu wa deki, madirisha yakifunguliwa moja moja, na simu hazijaanza kulia. Kuna furaha ya muhuri wenye wino wa kutosha, ambao ukigongwa mara moja herufi zote hutokea na tarehe husomeka. Kuna furaha ya hesabu iliyolingana mara ya kwanza, na ya dokezo lililorudi kutoka kwa mkubwa likiwa na neno moja tu, "Nakubali", pasipo mstari mwekundu. Na saa nne ikifika kuna chai. Mama auzaye chai hupita na chupa zake na bakuli la maandazi lililofunikwa kitambaa. Ajua nani hanywi sukari, nani hupenda tangawizi, na nani asiulizwe deni mpaka mwisho wa mwezi. Kwa muda wa robo saa mkubwa na mdogo hunena habari za mpira na za watoto, na kikombe kikiisha kila mtu hurudi mezani akiwa na moyo mwepesi kidogo kuliko alioondoka nao. Hayo ni mambo madogo, nasi hatuoni haya kuyaandika, maana mtu asiyeyapata siku nzima hurudi nyumbani akiwa mkali kwa watoto wake.

Wasiwasi nao una orodha yake. Neno mshahara lina asili ya Kiarabu, nalo latokana na neno shahr, yaani mwezi. Kwa hiyo hata jina lenyewe latukumbusha kwamba fedha hiyo ni ya mwezi, na mwezi una siku zake thelathini. Tarehe za mwanzo karani hutembea kifua mbele. Ikifika tarehe 18 au 20 huanza kupita njia ya nyuma ili asionane na mwenye duka. Ada ya mtoto yangoja. Kodi ya nyumba yangoja. Kadi ya mchango wa harusi imewekwa mezani na mwenziwe ambaye hawezi kumnyima. Ndugu amekuja kutoka kijijini na hakusema atakaa siku ngapi. Kiatu cha kulia kimeanza kufungua mdomo. Huko ofisini nako umeme umekatika barua ikiwa nusu, au wino wa mashine ya kuchapia umekwisha, na ombi la wino mpya lapasa lichapwe. Tena simu yalia, na sauti yasema, "Niletee lile jalada," kisha yakatika kabla karani hajauliza ni lipi.

Mambo haya hayakuanza nasi. Waliotutangulia waliyapitia, nao wakayatafutia dawa. Mwaka 1922, pale Tanga, watumishi wa serikali Waafrika waliunda chama chao wakiongozwa na Martin Kayamba, aliyekuwa karani katika ofisi ya serikali mjini humo. Chama kile kiliwaweka pamoja makarani na waalimu, Waislamu na Wakristo. Kayamba mwenyewe alifika London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, na safari ile akaiandika kwa Kiswahili ili wenziwe waisome. Twamtaja kwa sababu moja: watu wale walitambua mapema kwamba karani aliye peke yake na wasiwasi wake ni mnyonge, na kwamba akiwa na wenziwe hupata nguvu ya kuutazama.

Tumkumbuke na Shaaban Robert. Watoto wetu wamjua kwa mashairi na vitabu wanavyovisoma shuleni. Wachache hukumbuka kwamba alikuwa karani. Aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926, akahudumu humo mpaka mwaka 1944, kisha akafanya kazi katika idara ya wanyama, na katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na katika ofisi ya upimaji. Alifariki mwaka 1962. Mkono uliojaza hati za forodha ndio mkono ulioandika vitabu vile. Kwa hiyo asitudharau mtu kwa kuwa twashinda na makaratasi, wala sisi wenyewe tusiyadharau makaratasi hayo.

Sasa twaja kwenye karatasi tuliyoitaja mwanzo.

Katika kila meza kuna trei ya barua zinazoingia, au rundo la majalada lifanyalo kazi ya trei. Karani mwema huchukua jalada la juu, hulishughulikia, hulitoa, kisha huchukua la pili. Lakini limo moja ambalo likifika juu hurudishwa chini. Tusiseme kwamba ni uvivu. Karani huyo aweza kuwa ndiye hodari kuliko wote chumbani. Hulirudisha kwa sababu lina taabu. Pengine folio ya 14 haimo, na hakuna ajuaye ilikopotelea. Pengine jina katika barua ya ajira ni Hamisi, na katika cheti cha kifo ni Khamis. Pengine hesabu ya aliyemtangulia haikulingana, na kuuliza ni kumwumbua mtu aliyekwisha kupandishwa cheo. Pengine yapasa kwenda kwa mkubwa aliyewahi kumkaripia mbele ya watu. Basi karani hulitazama, huguna, husema moyoni, "Hili nitalipatia siku yenye nafasi," na kulitia chini ya mengine. Siku yenye nafasi haiji. Juma lijalo lapanda tena juu, naye hulirudisha tena.

Twadhani hapo ndipo ulipo wasiwasi ulio mzito kuliko wote katika siku ya karani, nao hula furaha zote tulizozihesabu. Chai ya saa nne haina ladha kwa mtu ajuaye lililo chini ya rundo lake. Simu ikilia hushtuka. Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani, mwili upo, lakini fikira zimerudi kwenye trei. Deni la dukani hulipwa mwisho wa mwezi. Deni hili halina mwisho wa mwezi.

Wako watakaosema kwamba siku hizi kompyuta zimekuja, na habari ya trei ni habari ya zamani. Hatukubaliani nao. Barua iliyoletwa kwa kompyuta nayo hushuka chini kadiri nyingine zinavyoingia, mpaka ikafika ukurasa wa pili na wa tatu ambao haufunguliwi. Tena kompyuta haina rundo la kuonekana kwa macho, hata mkubwa apitaye akasema, "Mbona meza yako imejaa?" Chombo kimebadilika, karatasi ya chini ingali chini.

Wala taabu hiyo si ya karani peke yake, maana karatasi ile ina mwenyewe. Tuseme ni mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa dereva wa serikali, naye amekuja kufuatilia haki zake. Ametoka wilaya ya mbali kwa basi, amelala kwa binamu yake, na katika mkoba ana bahasha ya kaki yenye nakala za vyeti alizozitoa mara nne, kwa kuwa kila safari huambiwa nakala hazionekani. Ameketi kwenye benchi la ukumbini tangu saa mbili. Karani amwona kupitia mlango ulio wazi. Angekuwa hamjui ingekuwa nafuu. Lakini amjua, maana hii ni mara ya tatu. Basi hutoka nje, humwamkia kwa adabu, "Shikamoo, mama," naye huitika, "Marahaba, mwanangu." Kisha karani husema maneno mawili ambayo nchi nzima yayajua: "Njoo kesho."

Maneno hayo yana gharama. Kwa karani ni pumzi moja. Kwa mama yule ni nauli, na chakula, na siku nyingine ya kumchosha mwenyeji wake, na watoto waliobaki kwa jirani, na shamba lisilopaliliwa. Tena hayana ukweli ndani yake, maana kesho karatasi itakuwa chini vilevile. Laiti angemwambia, "Mama, katika jalada la marehemu kuna karatasi moja imepotea, nami sijui ilipo. Leo naandika barua kuomba nakala yake huko alikoajiriwa. Usije kabla ya tarehe 20. Niachie namba ya simu, nikipata jibu nitakuarifu." Pengine mama yule angekasirika, na haki yake. Lakini angejua mahali shauri lake lilipokwama, naye angerudi kwake akalime.

Zamani palikuwa na udhuru wa lugha. Madokezo mengi ya maofisini yaliandikwa kwa Kiingereza, na mwananchi hakuweza kusoma lililoandikwa juu yake mwenyewe. Mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliagiza kazi zake zifanywe kwa Kiswahili. Tangu hapo karani na mjane wana lugha moja, na pazia la kujifichia limeondoka. Twaweza kumweleza mtu habari yake kwa maneno anayoyajua. Ingekuwa aibu kwetu kama katika utajiri wote wa lugha hii tungechagua maneno mawili tu ya kumjibia.

Basi dawa ni nini? Hatupendi kuhubiri, maana wahubiri wa maofisini ni wengi, na meza zao wenyewe zina marundo. Twatoa mashauri matatu, ambayo mtu aweza kuyaanza kesho asubuhi pasipo kibali cha mtu wala fedha.

Shauri la kwanza: karatasi ya chini na ichukuliwe kwanza, kabla ya chai, akili ingali mpya na benchi halijajaa. Haipasi imalizike siku hiyo. Yatosha isogezwe hatua moja. Simu moja ipigwe, swali moja liulizwe, au dokezo la mistari minne liandikwe kueleza kilichopo, kilichokosekana, na aulizwe nani. Dokezo la namna hiyo halimwumbui mtu, ila laeleza hali ya jalada tu. Nalo likishaandikwa na kutiwa tarehe, taabu hutoka moyoni mwa karani na kukaa jaladani, ambako ndiko mahali pake.

Shauri la pili: aliyeketi kwenye benchi aambiwe ukweli, na apewe tarehe. Ikiwa tarehe haipo, aambiwe kwamba haipo, na sababu yake. Na tarehe aliyopewa iandikwe katika daftari la karani, ili siku ile ikifika karani amtafute mtu kabla mtu hajamtafuta karani. Aliyewahi kupokea simu ya namna hiyo kutoka ofisi ya serikali husimulia jambo hilo kijijini kwake kama muujiza, na sisi twasema lisingefaa kuwa muujiza.

Shauri la tatu ni la chama chetu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Karani kijana huficha karatasi yake kwa kuwa aogopa kuonekana hajui kazi. Na huku wamo kati yetu wazee wa masijala, waliosoma majalada kwa miaka ishirini na thelathini, wajuao jinsi majina yaliyopishana yanavyosawazishwa kwa hati ya kiapo, na wapi hutafutwa nakala ya barua iliyopotea, na dokezo liandikwe kwa maneno gani ili lisimchome mtu. Elimu hiyo haimo katika kitabu chochote, na kila mzee anapostaafu huondoka nayo. Twapendekeza jioni moja kwa kila mwezi, baada ya kazi, wanachama wakutane, na kila mmoja aeleze taabu ya karatasi yake ya chini, pasipo kutaja jina la mwananchi wala kutoa siri ya ofisi. Tuna hakika ya kwamba wenye taabu moja watakuwa wengi, na kwamba karani aliyekuja na uso mzito ataondoka akijua la kufanya kesho yake.

Kwa wakubwa wetu tuna neno moja la heshima. Twakiri kwamba si kila karatasi iliyokwama imekwama kwa karani; yako majalada yaliyokwisha kupelekwa juu mara tatu na kurudi bila sahihi. Lakini liko jambo kubwa zaidi. Mkubwa akimkaripia aletaye habari mbaya, kesho haletewi habari mbaya. Habari haikuacha kuwa mbaya. Imekwenda kukaa chini ya rundo, nako huzidi kuoza. Mkubwa atakaye kuijua ofisi yake na apite kila Ijumaa, aulize kwa upole, "Ipi ni ya chini?" na ajibiwapo asikunje uso. Majuma ya kwanza atajibiwa kwamba hakuna. Na aendelee kuuliza.

Huenda mwanachama akasema, "Chama hiki ni cha kutetea watumishi, mbona leo chatetea wanaotujia?" Twajibu kwamba mambo hayo mawili ni ndugu. Tunapodai nyongeza ya mshahara, twamdai mlipa kodi, naye ndiye yule aliyeketi kwenye benchi. Akiwa ametendewa haki, sauti yake itakuwa upande wetu. Akiwa amezungushwa miezi sita, atauliza tuongezwe kwa kazi gani, nasi tutakosa la kumjibu.

Tena liko jibu la pili, lililo karibu nasi zaidi. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na kwa lazima ni 60. Mauti hayana umri. Siku moja jina la kila mmoja wetu litaandikwa juu ya jalada la haki za mstaafu, au za marehemu, nalo litawekwa mezani pa kijana tusiyemjua. Huenda folio moja isiwemo. Huenda jina likapishana kwa herufi moja. Kijana yule atalitazama, kisha ama atalishika, ama atalitia chini; na lipi atakalolifanya yategemea desturi atakayoikuta ofisini, ambayo sisi ndio tunaoiweka sasa. Mke au mume wetu ndiye atakayeketi kwenye benchi na bahasha ya kaki.

Katika orodha ya furaha tuliacha moja kwa makusudi. Ni ile ya mchana wa saa tisa, wakati jalada la mwisho limetoka, na karani aona ubao wa trei yake, ambao hajauona kwa muda mrefu. Hakuna tarumbeta wala nyongeza. Hukusanya kalamu, hufunga droo, huwaaga wenziwe, na usiku ule hulala. Walioionja furaha hiyo watatushuhudia kwamba inapita ya kiti cha basi, na hata ya chai ya saa nne.

Shauri la jioni ya kila mwezi litaletwa mbele ya mkutano ujao, nasi twaomba liungwe mkono. Wenye mashauri mengine, au wasiokubaliana nasi, na wamwandikie Mwandishi wa Chama kabla ya mkutano. Karatasi zetu za kuchapia ni chache, kwa hiyo barua ziwe fupi. Zote zitasomwa, na kila aliyeandika atajibiwa na kupewa tarehe.